Trekta Lililokataa Kuwaka: Siku Tatu za Kutafuta Upepo

Mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipokucha udongo ulikuwa umelainika vile hasa ambavyo mkulima huuombea. Trekta halikuwaka. Stata ilizungusha injini, ikaguna kwa uzito, kisha ikanyamaza. Nikapiga tena. Nikapiga mara ya tatu, safari hii nikashikilia ufunguo kwa muda mrefu kana kwamba injini inataka kubembelezwa. Mdogo wangu alikuwa nyuma karibu na jembe, pini ya kufungia mkononi, akaniita: "Kaka, betri inakwisha hiyo." Nilipoachia ufunguo nilikuwa nimeshateketeza nguvu ambayo ningeihitaji sana muda si mrefu.

Nimeendesha trekta miaka mingi. Najua kuliweka tairi kwenye mfereji bila kugeuka nyuma, na kwa mlio tu najua kama jembe limezama mno. Lakini kuendesha ni kazi moja na kutafuta ubovu ni kazi nyingine, na asubuhi ile nilizichanganya. Nilifungua sanduku la vifaa, nikachukua spana namba 17, nikaenda moja kwa moja kwenye mabomba ya nozeli, vile vinyunyizi vya kuingizia dizeli kwenye silinda. Kwa nini huko? Kwa sababu ndiko nilikowaona mafundi wakifungua. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Mdogo wangu ndiye aliyenizuia. Alimpigia simu fundi wetu, mzee ambaye amekuwa akifungua injini za dizeli tangu sisi hatujazaliwa. Alikuwa mbali, kwenye kazi ambayo ingemchukua siku kadhaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lina nini?"

"Haliwaki, mzee."

"Hilo nimeshalisikia kwa mdogo wako. Nauliza lina nini. Weka simu karibu na injini, apige stata kidogo."

Alisikiliza kwa sekunde tano hivi. "Inazunguka polepole," akasema. "Na moshi una rangi gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimepiga stata mara sita na sikuinua macho kwenye ekzosi hata mara moja.

"Basi weka spana chini. Shughulikia betri kwanza, stata izunguke inavyotakiwa, halafu unitazamie moshi. Usifungue nati hata moja kabla ya hapo."

Nilitii shingo upande, maana moyo ulikuwa shambani. Sasa naelewa kwa nini alianzia pale. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyepata hataza ya wazo lake mwaka 1893 na kuifanya injini yake ifanye kazi vizuri kule Augsburg mwaka 1897, alitaka mafuta yawashwe na hewa peke yake. Hewa inakandamizwa mpaka ibaki sehemu moja tu ya 16, na kwenye injini nyingine hata sehemu moja ya 22, ya nafasi iliyokuwa nayo. Joto lake linapanda kupita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe, kwa kuwa yenyewe inataka nyuzi mia mbili na kitu tu. Ila hayo yote yanategemea mwendo. Pistoni ikipanda polepole, hewa inapata muda wa kupenya kwenye ringi zinazoizunguka, na joto linanyonywa na chuma baridi cha silinda. Injini ikizungushwa mara 200 kwa dakika, joto linatosha. Ikishuka chini ya mara 100, unaweza kupiga stata mpaka jioni, vitu vingine vyote vikiwa vizima, na usisikie mlipuko hata mmoja. Betri dhaifu inaipoza injini, na mimi nilikuwa nikiidhoofisha kwa kila jaribio.

Tuliitoa betri, tukaichaji mchana kutwa. Jioni mita ilisoma volti 12.7, yaani imejaa. Tukairudisha, stata ikazunguka kwa uvivu uleule wa asubuhi.

Hapo ndipo watu wengi hununua stata mpya, nami nilikuwa karibu kufanya hivyo. Nilimpigia mzee, akaniambia niache kupima betri, nipime njia inayopita umeme. Mdogo wangu akapiga stata huku nimegusisha ncha za mita kwenye vichwa vya betri: volti 10.8. Hiyo ni nzuri. Betri inayotia shaka ni ile inayoshuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka. Kisha nikaweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini. Stata ilipozunguka mita ilisoma 1.9. Ilitakiwa isome karibu na sifuri, au ikizidi sana, nusu volti. Karibu volti mbili zilikuwa zinapotea kwenye waya mmoja mnene unaotoka betri kwenda kwenye bodi. Niligusa pale unapofungwa, nikaondoa kidole haraka kwa jinsi palivyokuwa pa moto.

Nilifungua kwanza waya wa hasi kwenye betri, kama inavyotakiwa siku zote, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Chini ya bolti ya bodi palikuwa na rangi, kutu, na unga wa kijani uliojificha kati ya kile kichwa cha shaba cha mwisho wa waya na chuma cha bodi. Kwa nje paling'aa kabisa. Nikasugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga kwa nguvu, nikapaka grisi juu. Mita sasa ilisoma 0.2, na stata ikazunguka kwa ule mlio wa haraka ambao nilikuwa nimeshausahau. Sidhani kama ulianza kupotea siku ile. Nadhani stata ilikuwa ikichoka kidogo kidogo kwa muda mrefu, na kwa kuwa injini iliwaka kila asubuhi sikuwa na sababu ya kusikiliza.

Niseme haraka kuhusu trekta ambalo halizunguki kabisa, kwa kuwa hilo ni jambo jingine. Kabla ya kulaumu stata, kanyaga klachi mpaka mwisho, weka gia zote kwenye nyutro, na zima mtambo wa kuzungushia vifaa vya nyuma. Matrekta mengi yana swichi za usalama kwenye sehemu hizo, na swichi moja tu ikijaa matope umeme haufiki kwenye stata. Na usiifanye ile kazi ya kugusanisha vichwa vya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini, mbele ya tairi la nyuma. Swichi za usalama zinarukwa, na trekta likiwa kwenye gia linawaka likitembea. Watu wamekufa namna hiyo chini ya matairi ya matrekta yao wenyewe. Naomba mtu akikwambia ni njia ya mkato, umkatalie.

Siku ya pili asubuhi tulianza upya, mdogo wangu kwenye kiti, breki ya mkono imevutwa, kabari chini ya tairi, mimi pembeni nikitazama mdomo wa ekzosi. Sekunde 10 za stata, kisha dakika mbili za kupumzika, kwa sababu stata inachemka upesi na haina kitu cha kuipoza. Ilizunguka vizuri. Kwenye ekzosi hapakutoka kitu. Hata ule mvuke mwembamba unaonuka dizeli haukuwepo.

Nilipompa mzee jibu hilo, sauti yake ilichangamka. "Sasa umeniambia kitu," akasema.

Ningependa kila mwenye trekta alijue hili kabla ya kujua jina la spana yoyote. Injini ikizunguka vizuri na moshi hautoki kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Acha mambo ya kompresheni, yaani ule mkandamizo wa hewa, na ya plagi za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha, fuata mafuta. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu kali inayochoma macho, dizeli inafika lakini haiungui: labda kuna baridi na plagi za kupasha joto hazifanyi kazi, au kompresheni imechoka, au kuna maji kwenye mafuta. Ukitoka mweusi, mafuta yamezidi hewa, na jambo la kwanza ni kutazama chujio la hewa. Mimi nilikuwa nimeshika spana namba 17 bila kujua nipo katika lipi kati ya hayo.

Kwa hiyo tukafuata mafuta. Tangi lilikuwa na dizeli zaidi ya nusu; nilichovya kijiti, sikuamini geji. Nilifungua mfuniko nikitega sikio, kwa sababu tundu dogo la kupumulia kwenye mfuniko likiziba, pampu hunyonya mpaka tangi linabaki halina hewa na mafuta yanakataa kutoka. Ukifungua unasikia likivuta pumzi. Halikuvuta. Kisha kizimio. Kwenye pampu ya nozeli kuna sumaku ndogo ya umeme inayofungua njia ya mafuta unapowasha ufunguo. Niliweka kidole juu yake, mdogo wangu akawasha na kuzima ufunguo, nikausikia mgongo wa kidole ukipigwa: "ta", "ta". Ilikuwa hai. Kwenye trekta la zamani lenye kamba ya kuzimia ya kuvuta kwa mkono, hapo unaangalia kama kamba imerudi mpaka mwisho. Jirani yetu aliwahi kupoteza nusu siku kwa kamba iliyosimama katikati.

Alifika jirani huyohuyo, kwa nia njema kabisa, na kopo la etha, kile kimiminika kinachoshika moto upesi, mkononi. Mnyunyizo mmoja kwenye chujio la hewa, akasema, na litawaka. Nilimshukuru na kukataa, na bado nasimama hapo. Trekta letu lina plagi za kupasha joto, na etha ikikutana na plagi iliyowaka nyekundu inalipukia mahali isipotakiwa. Hata pasipo plagi, etha hushika moto mapema, kabla pistoni haijafika juu, na mlipuko unaisukuma pistoni kinyume cha mwendo wake. Ringi huvunjika, na pistoni zenyewe huweza kupasuka. Halafu hata likiwaka, litawaka kwa etha. Ikiisha, tatizo liko palepale. Injini isiyopata dizeli inahitaji dizeli.

Ilibaki kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia ya mafuta. Pampu ya nozeli inasukuma mafuta kwa sababu mafuta hayakubali kuminywa. Upepo unakubali. Pakiwepo povu ndani ya bomba, pampu inaliminya povu, povu linasinyaa na kutanuka, na mafuta yanabaki yamesimama. Nozeli za injini za zamani hufunguka kwenye presha ya kama ba 150 hadi 250, wakati tairi la gari dogo lina ba 2 na kitu. Pampu inayominya povu haiwezi kufika huko hata kwa bahati.

Nilianza kwenye pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangini, ile yenye kikono cha kupampu kwa mkono. Kikono kilikuwa kimelegea, kinacheza bila uzito wowote. Nilidhani kimekufa. Mzee aliniambia nizungushe injini kidogo tu kwa stata, kwa sababu kemshafti, ule mhimili wa injini unaoiendesha pampu hiyo, ikisimama vibaya inakuwa imeshaisukuma pampu mpaka mwisho, na kikono hakina cha kusukuma. Tukazungusha kidogo, na kweli, kikono kikapata uzito. Nimesikia watu wakitupa pampu nzima kwa jambo hilo.

Nililegeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta ya dizeli, mizunguko miwili, kitambaa chini yake. Nikapampu. Mwanzoni hakukuja kitu, kisha ikasikika sauti ya kububujika, kisha likatoka povu jeupe kama la sabuni, likitema na kukoroma pembeni mwa skrubu. Nilipampu mpaka mkono ukachoka. Povu likawa mapovu makubwa, mapovu yakawa machache, na mwishowe dizeli ikatoka safi, laini, bila kukatika. Nikafunga skrubu huku mafuta bado yanatoka. Ukisubiri yakome ndipo ufunge, umeshaingiza upepo mwingine. Nikafanya vilevile kwenye skrubu za pampu ya nozeli, ile ya chini kwanza, kisha ya juu.

Sasa spana namba 17 ikapata kazi yake. Nililegeza nati za mabomba matatu pale zinapoingia kwenye nozeli, nusu mzunguko kila moja, mafuta yakafunguliwa yote kwa mkono wa gesi, mdogo wangu akapiga stata. Nilisimama mbali kidogo, miwani machoni. Bomba la kwanza lilitema, la pili likatema, la tatu likachelewa kisha likafuata. Nikafunga la kwanza. Nilipofunga la pili injini ikapiga kishindo, ikakohoa moshi mweupe, ikaanza kutembea kwa kugongagonga. Nikafunga la tatu na mlio ukatulia.

Hapa kuna jambo moja ambalo sitalipitia haraka. Bomba la nozeli likiwa limefungwa, injini inafanya kazi, na pana tundu dogo kama la ncha ya sindano, usipapase kwa mkono kutafuta mafuta yanakotoka. Kwa presha ile dizeli inatoboa ngozi, na hata glavu, bila kuumiza sana mwanzoni. Unaona kijidoa tu. Ndani, mafuta yamesambaa kwenye nyama ya kidole na yanaiua. Mtu aliyepigwa namna hiyo aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu, na amwambie daktari wazi kwamba ni mafuta ya presha, kwa kuwa kidonda chenyewe hakionyeshi ukubwa wa madhara. Wengi waliosubiri mpaka kesho yake wamekatwa vidole. Ukitaka kutafuta uvujaji pale, tumia kipande cha boksi, ukipitishe kwa mbali, ulitazame boksi.

Tulilima mpaka giza likaingia. Jambo moja tu lilinisumbua: kila baada ya muda mlio wa injini ulipanda na kushuka wenyewe, mkono wa gesi haujaguswa. Nililisikia. Nikajiambia ni udongo mzito.

Siku ya tatu asubuhi halikuwaka. Stata nzuri, ekzosi kavu, hakuna moshi.

Nakumbuka mdogo wangu akiketi kwenye fremu ya jembe bila kusema neno. Mimi nilitaka kutoa upepo tena na kwenda shamba, nifanye hivyo kila asubuhi mpaka msimu uishe. Nilimweleza mzee mpango huo.

"Upepo haukuzaliwa ndani ya mabomba," akasema. "Umeingia. Tangu lini haliwaki?"

"Tangu juzi, mzee."

"Na kabla ya juzi uligusa nini?"

Jioni kabla ya mvua nilikuwa nimesafisha kile kikombe cha kioo cha kunasia maji, kilicho katikati ya tangi na pampu ya kuvutia. Nilikuwa nimekiona kina tope na tone la maji chini, maana maji ni mazito kuliko dizeli na hutulia chini yake. Nilikifungua, nikakiosha, nikaweka ringi mpya ya mpira, nikafunga. Kazi nzuri ya kulitunza trekta. Tangu hapo halikuwashwa mpaka asubuhi ya mvua.

"Lakini hapavuji, mzee. Pakavu kabisa."

"Tangi lako liko wapi?"

Liko chini, kando ya ngazi ya kupandia. Na katika hilo nilijifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote ile. Kati ya tangi na pampu, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Pakiwa na mwanya upande huo, mafuta hayatoki nje. Upepo ndio unaoingia ndani. Injini ikifanya kazi, pampu inaweza kuumudu upepo mdogo, na mlio unapanda na kushuka kama ulivyonisumbua. Ukizima usiku, mafuta yanateremka polepole kurudi tangini na upepo unachukua nafasi yake. Asubuhi unapiga stata kwenye mabomba matupu. Nilikuwa nikitafuta mahali palipolowa, na mahali penye ubovu palikuwa pakavu kwa sababu ya ubovu wenyewe.

Sikutaka kukifungua kikombe kwa kukisia tu. Nilitaka kuona. Kwanza tulining'iniza dumu dogo la dizeli safi juu ya usawa wa injini, tukalipeleka kwa mpira moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu ya kuvutia, tangi na kikombe vikiwa vimerukwa. Tukatoa upepo, injini ikawaka, ikanguruma nusu saa bila mlio kupanda wala kushuka. Kwa hiyo pampu, filta, na kila kilichokuwa mbele vilikuwa vizima. Nozeli zangu, ambazo siku ya kwanza nilitaka kuzitoa zote, hazikuwa na kosa lolote.

Kisha tukarudisha njia ya tangi, ila badala ya bomba linaloingia kwenye pampu tukaweka mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, urefu wa mkono mmoja. Injini ilipowaka nilipiga magoti kutazama. Dizeli ilipita ya manjano, safi, na ndani yake mapovu madogo yakifuatana, moja baada ya jingine, kila moja likiteleza juu ya mpira kama shanga kwenye uzi. Nikauhamisha mpira nyuma ya kikombe, upande wa tangi. Mapovu hayakuwepo. Yalikuwa yanazaliwa kwenye kikombe. Nikapaka grisi nzito pande zote za ukingo wake, mpira nikaurudisha mbele, na mapovu yakapungua, yakawa moja kwa muda mrefu, kisha hakuna.

Nilizima, nikafungua kikombe. Ringi mpya ilikuwa mahali pake, nzima, haina mkwaruzo. Niligeuza kichwa nikamulika kwa tochi kwenye mfereji ulio juu, pale ringi inapokaa. Mfereji ulionekana mweusi, laini, safi. Nilipitisha ncha ya bisibisi ndogo taratibu kuuzunguka, na mahali fulani chuma kikalainika. Ncha ilizama. Nikainua, na kile nilichodhani ni chuma kikanyanyuka: ringi ya zamani, imebanwa bapa kama utepe, imekuwa ngumu na nyeusi rangi ileile ya mfereji. Nilikuwa nimeweka ringi mpya juu ya ya zamani. Kikombe kilifungika, kikakaza, na upande mmoja kikabaki kimeinama kiasi ambacho jicho halikioni.

Nilimtumia mzee picha. Alijibu kwa kifupi: nisafishe mfereji kwa kitambaa, si kwa msasa, nilowanishe ringi mpya kwa dizeli kabla ya kuiweka, na nisikaze kikombe kupita kiasi, kwa kuwa kioo kinapasuka na ringi inajikunja. Tangu siku ile, ringi au gasketi ya zamani huwa naiweka kwenye kitambaa mbele ya macho yangu kabla sijaweka mpya. Isipokuwepo kwenye kitambaa, sifungi.

Jioni ile tulifunga, tukatoa upepo, tukawasha, tukazima, tukaliacha. Mpira unaoonyesha ndani niliuacha ulale pale, nipate ushahidi wa asubuhi. Nilifika alfajiri na tochi. Dizeli ilikuwa imejaa mpirani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, imetulia, bila povu hata moja. Mdogo wangu akapanda, akakanyaga klachi, akapasha plagi kwa sekunde zake, akapiga stata. Mimi nilikuwa pembeni natazama ekzosi. Ulitoka moshi mweupe kidogo wa asubuhi, ukawa mwepesi, ukatoweka.

Nikamwambia azime. Mpira ule haufai kukaa pale, dizeli huukausha ukapasuka na kurudisha upepo uleule, kwa hiyo nikautoa, nikafunga bomba lake na klempu zake mbili, nikapampu mpaka skrubu ya filta ikatoa dizeli tupu. Likawaka tena. Saa moja na nusu asubuhi jembe lilikuwa ardhini, na udongo ulikuwa bado una unyevu wa kutosha.